Shajara ya mradi: kupima mzunguko wa nyota za milipuko kwa kufuata mng'ao wake

Desemba, maandalizi

Naanza kuandika hapa kabla sijafungua hata darubini, maana hesabu za huu mradi zinajengana, ukipoteza namba moja ya mwanzo unapoteza zote zinazofuata. Lengo ni kuchukua nyota za milipuko, mbili tu kwa sasa, na kupima jozi iliyo ndani ya kila moja inatumia muda gani kuzungukana, kwa kuangalia mng'ao wake tu, bila spektra (mwanga uliochambuliwa rangi kwa rangi), bila darubini kubwa, ni kamera na laptopu na uvumilivu.

Kwa asiyezijua, nyota ya milipuko si moja, ni mbili. Ya kwanza ni kibete cheupe, mabaki ya nyota iliyomaliza fueli yake, uzito wake unakaribia wa Jua letu ila ukubwa wake ni kama wa Dunia. Ya pili ni nyota ndogo, mara nyingi nyekundu. Zimekaribiana kiasi kwamba kibete kinamnyonya mwenzake gesi, na ile gesi haianguki moja kwa moja, inazunguka kwanza ikatengeneza diski, na pale mkondo wa gesi unapogonga ukingo wa diski panawaka kuliko sehemu nyingine, hapo ndo tunapaita doa la moto. Hakuna darubini ya kawaida itakayokuonyesha hayo yote, kwenye picha ni nukta moja tu. Lakini ile nukta inapanda na kushuka, na kwenye kupanda na kushuka kwake kila kitu kimeandikwa humo.

Nimechagua U Geminorum kuwa ya kwanza. Iligunduliwa na John Russell Hind mwezi Desemba 1855, na ndo iliyofungua ukurasa wa kundi zima la nova kibete, yaani nyota za milipuko midogo inayojirudia. Ikiwa imetulia ina magnitudo 14 hivi (kipimo cha mng'ao, namba ikiwa ndogo nyota inang'aa zaidi), ikilipuka inafika 9, na hulipuka mara chache kwa mwaka bila kufuata kalenda. Zaidi ya karne ilipita watu wanarekodi milipuko tu bila kujua kinachoendelea ndani yake. Mwaka 1954 Merle Walker akaona kwamba DQ Herculis, nova ya mwaka 1934, inapatwa, yaani nyota moja inapita mbele ya nyingine na kuziba mwanga, kila baada ya saa 4 na dakika 39, halafu mwaka 1965 Wojciech Krzemiński akachapisha kwamba U Geminorum nayo inapatwa. Kwa hiyo mzunguko wake unajulikana siku nyingi, na sababu ya kuichagua ni hiyo hiyo: nataka njia yangu ipimwe na nyota ambayo jibu lake lipo, ndo niipeleke kwenye nyingine.

Mwishoni mwa Januari

Usiku mzuri, anga safi, U Gem iko upande wa pili kabisa kutoka kwenye Jua kwa hiyo inaonekana karibu usiku kucha. Kitu cha kwanza kila usiku ni picha moja ya kuangalia kama imelipuka, maana ikiwa imelipuka diski inawaka kiasi kwamba doa la moto linamezwa na kule kupatwa kunakuwa hafifu, sasa hapo utapima nini. Ilikuwa imetulia. Nikaweka ekspoja ya sekunde 60, bila filta, nikaacha kamera ifanye kazi.

Nielezee mchoro wa mwanga ulivyotoka maana huu ndo moyo wa mradi. Kwa karibu nusu ya mzunguko mng'ao uko chini, unatetemeka tetemeka hivi, na kule kutetemeka si kelele ya kamera, ni gesi yenyewe haitiririki kwa utulivu. Afu mng'ao unaanza kupanda taratibu, unajenga nundu, kwa sababu doa la moto linageukia upande wetu. Nundu inafika kileleni, inaanza kushuka, na kwenye huo mteremko ghafla mstari unaporomoka, picha moja iko juu, chache zinazofuata ziko chini kabisa, nyota nyekundu imepita mbele na kuliziba doa. Linabaki chini kidogo, linarudi, ila halirudi juu kama lilivyokuwa kwa sababu nundu yenyewe ilikuwa inaisha. Kibete cheupe chenyewe hakizibwi kwenye U Gem, mlalo wa mzunguko hauruhusu, kinachozibwa ni doa na sehemu ya diski. Hili nitalirudia baadaye maana lina madhara.

Usiku huo nilipata kupatwa mara mbili, na tofauti yake ni saa 4 na dakika 14. Kila tukio nalipima katikati yake kwa uhakika wa dakika moja hivi, kwa hiyo tofauti ya matukio mawili ina kosa la dakika moja na nusu. Hapo ndo ngazi ya hesabu inapoanzia, kila tukio jipya ni daraja juu ya lililotangulia. Kupatwa kwa pili kwa usiku huu nakuita mzunguko sifuri na kila kitu kuanzia sasa kinahesabiwa kutoka hapo.

Siku tatu baadaye

Mtu anaweza kuuliza kwa nini nisubiri siku tatu na si kesho yake. Chukua saa 4 na dakika 14 na kitu, zidisha mara 17, unapata saa 72 na dakika kama kumi, yaani baada ya siku tatu kupatwa kunaangukia karibu wakati ule ule wa usiku, kumechelewa dakika kumi tu, nyota iko sehemu ile ile ya anga, hewa ya kupita ni ile ile, kila kitu kinalingana. Kosa la dakika moja na nusu likizidishwa mara 17 ni dakika 25, kwa hiyo utabiri wangu ulikuwa na dirisha la dakika 25 kila upande, wakati mzunguko mzima una dakika 255. Hakuna namna ya kuchanganya mzunguko wa 17 na wa 16 au wa 18. Kupatwa kukatokea ndani ya dirisha, na sasa lile lile kosa la dakika moja na nusu linagawanywa kwa 17. Mzunguko umefika saa 4 dakika 14 sekunde 43, kosa sekunde 5.

Sikubadilisha darubini, sikubadilisha kamera, sikupima mng'ao vizuri zaidi. Muda tu umepita na hesabu ya mizunguko haijapotea. Hili ndo jambo ninalotaka kila anayeanza alishike: usahihi wa mzunguko unatoka kwenye urefu wa muda kati ya tukio la kwanza na la mwisho, mradi tu unajua kwa hakika ni mizunguko mingapi imepita katikati.

Februari, kuhusu mizunguko ya uongo

Tuseme ule usiku wa Januari ningepata kupatwa mara moja tu, afu usiku uliofuata mara moja. Kati yake kuna saa 25 na dakika 28. Je ni mizunguko mingapi? Ikiwa 6, unapata saa 4.25. Ikiwa 5, unapata saa 5.09. Ikiwa 7, unapata saa 3.64. Zote zinaingia kwenye data bila tatizo lolote na kila moja ina nyota za milipuko zenye mzunguko wa namna hiyo, kwa hiyo hata akili ya kawaida haikusaidii. Ukitumia programu ya kutafuta mizunguko, iwe njia ya Lomb ya 1976 na Scargle ya 1982, au ile ya Stellingwerf ya 1978 inayokunja data kwa kila mzunguko inaoujaribu, yaani inalaza mizunguko yote juu ya mmoja, na kuangalia ni wapi nukta zimetawanyika kidogo zaidi, utaona kwenye mchoro wake mnara mmoja mrefu na pembeni yake minara mingine karibu mirefu hivyo hivyo, imepishana kwa takriban mzunguko mmoja kwa siku. Hiyo inatokana na sisi kuangalia usiku tu. Nyota haijui habari ya mchana wetu, ila data yetu ina mashimo ya saa 24 na yale mashimo yanajiandika kwenye majibu.

Dawa ni mbili. Ya kwanza ni usiku mrefu mmoja usiokatika, unaoshika mizunguko miwili kamili, huo unaua minara ya uongo karibu yote. Ya pili ni kushirikiana na mtu aliye longitudo nyingine, kwako kukicha kwake ndo kunaingia giza, mashimo yanazibika. AAVSO, chama cha Marekani cha waangalizi wa nyota zinazobadilika mng'ao, kipo tangu 1911 na data yake iko wazi kwa yeyote, na satelaiti ya TESS iliyorushwa 2018 inakaa ikiangalia eneo moja karibu mwezi mzima bila usiku wala mchana. Mi nashauri usianze na TESS lakini. Pikseli yake moja inafunika sekunde 21 za tao (kipimo cha pembe angani, si cha muda), nyota za jirani zinamwaga mwanga humo humo, na zaidi ya hapo hutajifunza kuhesabu.

Februari mwishoni

Mzunguko wa 170 umefika. Kwa hesabu ni siku 30 na saa 1 na dakika 47 baada ya sifuri, dirisha la utabiri dakika 13 hivi kila upande. Kukatokea ndani. Kosa sasa ni nusu sekunde.

Hapa ndo saa inaanza kuwa muhimu kuliko kioo. Laptopu ikiachwa bila intaneti saa yake inateleza, sekunde moja au mbili kwa siku si ajabu, kwa hiyo naisahihisha kabla ya kuanza na katikati ya usiku, ukiwa na kifaa cha GPS ni bora zaidi. Afu angalia programu yako inaandika nini kwenye faili la picha: nyingi zinaandika muda wa kuanza ekspoja, si katikati yake. Kwa ekspoja ya sekunde 60 hiyo ni sekunde 30 za kuongeza. Ukiwa unafanya kazi peke yako na kila kitu kiko vile vile kila usiku, sekunde hizo 30 haziharibu mzunguko kwa sababu zimekaa kwenye kila tukio na kwenye tofauti zinafutika, ila siku ukiunganisha data yako na ya mwenzio aliyeandika katikati ya ekspoja, zinaingia zote kwenye jibu. Vile vile skeli ya muda: UTC, yaani saa ya kimataifa, na ule muda sawia wanaotumia wanaanga vimepishana sekunde 69 kwa sasa. Andika umetumia ipi, kila mara, hata kama unaona haina maana.

Kuhusu mng'ao wenyewe sitasema mengi. Chagua nyota ya kulinganishia isiyobadilika, iliyo karibu na U Gem kwenye picha, isiwe nyekundu sana, chukua na nyota ya pili ya kuhakiki, toa giza la kamera, sawazisha na picha za uwanja bapa, yaani picha za mwanga uliosambaa sawasawa. Asilimia mbili tatu za kosa zinatosha kabisa. Watu wanahangaika na asilimia moja wakati saa imeteleza sekunde ishirini.

Machi

Mwezi wa mawingu, kwa hiyo naandika kwa nini namba hii ina thamani, maana kuna aliyeniuliza unapata nini ukishajua ni saa 4 na robo.

Ile nyota ndogo imejaa kwenye eneo lake la mvuto mpaka inamwagika, la sivyo isingenyonywa. Sasa kwa nyota iliyojaa namna hiyo, ukiunganisha sheria ya Kepler na ukubwa wa hilo eneo, uzito wa kibete cheupe karibu unajifuta kwenye hesabu na unabaki na kitu cha ajabu: msongamano wa wastani wa ile nyota ndogo unategemea mzunguko peke yake. Chukua 110, gawa kwa mraba wa mzunguko kwa saa, unapata gramu kwa kila sentimita ya ujazo. Kwa U Gem ni 6. Jua letu lina 1.4. Yaani kutoka kwenye nukta inayopepesa, bila kuiona ile nyota nyekundu, umeshajua imeshonana mara nne kuliko Jua. Mi hili kila nikilifikiria linanisisimua upya.

Na ukikusanya mizunguko ya nyota nyingi za aina hii unaona hadithi nzima ya maisha yake. Zinaanza na mizunguko mirefu, zinakaribiana taratibu, mizunguko inafupika. Kati ya saa 3 na saa 2 zinapungua sana, kuna pengo. Maelezo yanayokubalika na wengi ni kwamba juu ya saa 3 kinachovuta breki ni upepo wa nyota nyekundu ulioshikwa na sumaku yake, ikifika hapo nyota inakuwa inachemka na kujichanganya mpaka kwenye kiini chake, breki inalegea, inasinyaa, kunyonywa kunakoma, na jozi inakuwa kimya mpaka mawimbi ya mvuto yaisogeze kwenye saa 2 ambapo inaanza kumwagika tena. Afu inaendelea kushuka mpaka dakika 80 hivi, ambapo ile nyota ndogo imepungua kiasi kwamba ikipoteza gesi inavimba badala ya kusinyaa, na mzunguko unageuka unaanza kurefuka. Kila mzunguko mmoja uliopimwa vizuri ni nukta moja kwenye huo mchoro.

Tahadhari kwa wanaotaka kwenda kwenye nyota za chini ya pengo: nyingi zikilipuka mlipuko mkubwa zinatoa nundu nyingine, nundu kuu, zilizoonekana vizuri kwenye mlipuko wa VW Hydri wa Desemba 1972 na kuelezwa na Nikolaus Vogt na Brian Warner. Mzunguko wake ni mrefu kuliko wa jozi kwa asilimia chache, kwa VW Hydri ni tatu na kitu. Unatokana na diski kuwa ya yai na lile yai kugeuka polepole. Ni rahisi kuzipima kwa sababu ni kubwa, ila usiziandike kama mzunguko wa jozi.

Aprili

Mzunguko wa 508, siku 89 na saa 20 na dakika 50 kutoka sifuri. U Gem sasa iko magharibi giza likiingia, tumeiwahi.

Sasa kuna jambo la mwendo wa nuru. Januari Dunia ilikuwa upande wa U Gem, habari inatufikia dakika 8.3 kabla haijafika kwenye Jua. Mwezi wa nne Dunia imezunguka robo, habari inatufikia sisi na Jua kwa pamoja. Kwa hiyo ndani ya hii miezi mitatu tumekuwa tunaikimbia nyota na kila kupatwa kunachelewa kidogo kuliko kilichotangulia. Nilifanya hesabu mara mbili makusudi ili ionekane. Bila kusahihisha, mzunguko unatoka saa 4 dakika 14 sekunde 45.7. Ukisahihisha kila tukio liwe kama limeangaliwa kutoka kwenye Jua, unatoka 44.7. Sekunde moja nzima, wakati kosa la kipimo sasa ni sekunde 0.17. U Gem iko karibu sana na njia ya Jua angani kwa hiyo inapata hili karibu lote, nyota iliyo mbali na njia hiyo inapata kidogo.

Saa 4 dakika 14 sekunde 44.7 ndo ile ile inayojulikana kwenye vitabu. Njia inafanya kazi.

Lakini nilisema nitarudi kwenye doa la moto. Tunachokipima ni kuzibwa kwa doa, na doa liko ukingoni mwa diski, na diski haikai na ukubwa mmoja, huvimba wakati wa mlipuko na kusinyaa taratibu baadaye. Kwa hiyo katikati ya kupatwa kunaweza kusogea mbele au nyuma hata kama mzunguko wenyewe haujabadilika. Ndo maana kwa kila tukio naandika pia ni muda gani umepita tangu mlipuko wa mwisho. Ukiona nukta zako za tofauti kati ya utabiri na tukio zimepanda kidogo afu zikashuka, usikimbilie kusema kuna nyota ya tatu.

Mei

Nimehamia EX Hydrae, kusini mwa ikweta ya mbingu, magnitudo 13. Hii ni tofauti. Kibete chake kina sumaku kali, gesi inashikwa na kuelekezwa kwenye ncha zake, na kibete kinajizungusha kila dakika 67, kwa hiyo mng'ao unapanda na kushuka kwa dakika 67, na juu yake kuna kupatwa kwembamba kila dakika 98 na sekunde 15. Ekspoja nimeishusha mpaka sekunde 20, maana kupatwa kwenyewe ni kwa dakika chache tu.

Programu ya Lomb na Scargle ilionyesha mnara wa 67 kwa nguvu, ule wa 98 ukawa mdogo mno. Ni kawaida, njia hiyo inatafuta mawimbi laini na kupatwa kwembamba si wimbi laini, ni mkato. Nilichofanya ni kuchora wimbi la dakika 67, kulitoa kwenye data, afu kilichobaki nikakikunja kwa njia ya Stellingwerf na kupatwa kote kukajitokeza wazi na kukaa mstari mmoja. Na kuna utamu mwingine: kujizungusha mara tatu kunachukua karibu muda sawa na mizunguko miwili ya jozi, kumepishana dakika 4 na nusu tu, kwa hiyo ndani ya usiku mmoja kila kupatwa kwa pili kunakaa karibu sehemu ile ile ya wimbi, kidogo kidogo kunateleza. Ukiangalia usiku mmoja tu unaweza kudhani vimefungamana.

Kwa ile kanuni ya 110, msongamano wa nyota ndogo ya EX Hydrae ni 41. Iko chini ya pengo, U Gem iko juu, na tofauti ya 6 na 41 ndo tofauti ya kabla na baada ya kuvuka pengo.

Ngazi ya EX Hydrae ndo naijenga, usiku mmoja unatoa kupatwa mara nne au zaidi kwa hiyo inapanda haraka. U Gem inaelekea kujificha nyuma ya Jua, itarudi mwezi wa tisa hivi. Tukio ninalolilenga ni mzunguko wa 1527, mwishoni mwa Oktoba kabla ya kucha, siku 270 na saa 3 na dakika 16 baada ya sifuri kwa muda uliosahihishwa kama unaangaliwa kutoka kwenye Jua, na kosa la utabiri litakuwa limefika dakika 3 hivi. Nitawasha kamera nusu saa kabla.